Najash Mtandaoni: Ni Siri Gani Inayouharibu Mnada?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyejulikana sokoni kwa uaminifu hata kabla ya kupewa utume, na ziwashukie aali zake na maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tuliosoma fiqhi ya biashara tulipita kwenye mlango wa najash kwa haraka. Tuliandika maana yake daftarini, tukaandika kuwa ni haramu, tukafungua mlango unaofuata. Ilionekana kama tabia ya soko la ngamia la zamani: dalali amesimama, watu wanataja bei, na rafiki wa muuzaji aliyejichanganya kati yao anapandisha bei ya kitu asichokitaka. Leo soko hilo limo mifukoni mwetu. Simu, laptopu, viatu na hata magari huuzwa kwa kushindanisha bei mtandaoni, na mara nyingi mnunuzi hajui anashindana na nani. Anaona namba, au herufi mbili na nyota. Huenda mpinzani wake ni mwanafunzi mwenzake wa Kibuli au Makerere. Huenda ni muuzaji mwenyewe, kwa simu yake ya pili.

Hapo linazuka swali ambalo vitabu vyetu vinatusaidia kulijibu, ingawa waandishi wake hawakuijua intaneti. Je, kuficha majina ya wanunuzi katika mnada ni kosa lenyewe? Na kama si kosa, basi ubaya wa najash uko wapi hasa: kwenye siri, kwenye bei, au kwenye jambo la tatu? Maoni yangu ni kwamba uko kwenye jambo la tatu, na kwamba jambo hilo liko karibu nasi hapa chuoni kuliko tunavyodhani.

Mnada ni halali

Tuanze na msingi. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kisa ambacho Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah wamekipokea, wengine kwa urefu na wengine kwa ufupi, na Tirmidhi akakihesabu kuwa ni hasan. Mtu mmoja katika Ansari alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akamuuliza kama ana chochote nyumbani. Alikuwa na tandiko na chombo cha kunywea maji tu. Mtume akaagiza viletwe, akavishika mkononi, akauliza ni nani atakayevinunua. Mmoja akataja dirhamu moja. Mtume akarudia kuuliza ni nani atakayeongeza. Mwingine akataja dirhamu mbili, akapewa. Dirhamu moja ilinunua chakula cha familia, ya pili ikanunua shoka. Yule mtu akaenda kukata kuni na kuziuza, na baada ya siku 15 alikuwa amepata dirhamu 10.

Kisa hiki hutajwa zaidi kama somo la kufanya kazi badala ya kuomba. Lakini kitazameni pia kama mnada. Aliyetaja dirhamu moja alimwona aliyetaja mbili. Kila bei iliyotajwa ilitoka kwa mtu aliyekuwa tayari kulipa. Na jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba muuzaji alikuwa fukara, familia yake ina njaa, na hakuna nia njema kuliko ile. Hata hivyo hatusomi kwamba sahaba yeyote alinong'onezwa apandishe bei ili maskini apate zaidi. Bei ilisimama pale ilipofikishwa na watu wenye haja ya kweli. Tutarudi kwenye nukta hii.

Neno lililotoka mawindoni

Asili ya neno najash katika Kiarabu ni kumkurupua mnyama kutoka mafichoni ili awindwe. Wanazuoni wa lugha waliona kufanana: yule anayepandisha bei bila nia ya kununua anaikurupua hamu ya mwenzake mpaka iingie kwenye mtego. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliikataza najash. Bukhari amenukuu pia kauli ya sahaba Abdullah bin Abi Awfa (r.a.) inayomweka mtenda najash pamoja na mla riba na mhaini. Na wanazuoni wamekubaliana kuwa mtendaji ana dhambi.

Katazo hili halikuja peke yake. Mtume (s.a.w.) alikataza kufunga viwele vya ngamia na kondoo ili mnunuzi adhani wana maziwa mengi. Alikataza kwenda kuwapokea wenye misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Alipotia mkono kwenye rundo la nafaka na kukuta umajimaji chini yake, alimkemea muuzaji kwa kuificha ile iliyolowa. Ukiyaweka makatazo haya pamoja na najash utaona yana sura moja: mmoja anajua, mwenzake hajui, na yule anayejua amepanga mambo ili mwenzake aendelee kutojua.

Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Brunei na kutoa uamuzi kuhusu mikataba ya mnada. Lilithibitisha kuwa mnada unajuzu, kisha likataja sura za najash zilizo haramu. Miongoni mwake ni mtu asiyetaka kununua kuongeza bei ili kumshawishi mnunuzi, mtu kujifanya anakipenda kitu na kukisifu ili bei ipande, na mwenye mali, wakala au dalali kudai kwa uongo kwamba ameshapewa bei fulani. Ishikeni hiyo ya mwisho, kwa sababu haihitaji tovuti wala dalali. Inahitaji mdomo tu.

Mashine na siri mbili

Sasa tuje kwenye mnada wa mtandaoni. eBay, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995, ilieneza utaratibu huu: mnunuzi humwambia mfumo kiwango chake cha mwisho, nao humtajia bei kidogo kidogo, kiasi kinachotosha tu kumpita mpinzani. Kiwango chake cha mwisho hubaki siri.

Tuseme Hamza anauza laptopu iliyotumika. Sauda ameandika mwisho wake ni shilingi 900,000. Mnunuzi mwingine wa kweli mwisho wake ni 700,000. Kama kila hatua ni 20,000, Sauda ataipata kwa 720,000. Lakini Hamza ana binamu, na binamu ana akaunti yenye jina lililofichwa. Anataja 750,000, mfumo unamjibu kwa niaba ya Sauda. Anataja 800,000, unamjibu tena. Anapofika 880,000 anasimama, na Sauda anashinda kwa 900,000. Amelipa 180,000 zaidi, na hakuna aliyemlazimisha. Na kama binamu angekosea akampita Sauda, Hamza angemwandikia tu kwamba mshindi ameshindwa kulipa, je, bado unaitaka?

Angalieni kilichotokea kwa zile siri mbili. Sauda alikuwa na siri halali, yaani uwezo wake wa mwisho, na mfumo uliahidi kumtunzia. Binamu alikuwa na siri yake, yaani undugu wake na muuzaji. Alitumia siri yake kuichimbua siri ya Sauda. Kwa hiyo si kweli kwamba mnada wa siri unawafunika wote sawasawa. Mwenye kudanganya hujifunika na kumfunua mwenzake.

Mambo haya yametokea kweli. Mwezi Mei 2000, mchoro uliouzwa eBay ulipandishwa mpaka dola 135,805, kwa sababu wanunuzi waliamini ni kazi ya mchoraji maarufu wa Marekani, Richard Diebenkorn. Mauzo yalifutwa, na uchunguzi ukaonyesha kuwa muuzaji na wenzake walikuwa wakitajiana bei kwa akaunti nyingi katika minada yao wenyewe. Mwaka 2001 walishtakiwa katika mahakama ya shirikisho. Wakati ule majina ya akaunti za wanunuzi yalionekana na kila mtu, hivyo mtu makini aliweza kulinganisha mnada huu na ule na kuuliza kwa nini jina lilelile linamfuata muuzaji yuleyule.

Baadaye kampuni hiyo ikaanza kuyaficha majina hayo. Sababu iliyotolewa ilikuwa na uzito: matapeli walikuwa wakisoma majina ya walioshindwa mnadani, kisha wanawaandikia wakijifanya wauzaji na kuchukua fedha zao. Wakosoaji nao wakasema kwamba kwa kumfungia tapeli wa nje mlango, kampuni imemzimia taa mnunuzi aliyetaka kumkamata tapeli wa ndani. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli.

Siri inayolinda

Mtu anaweza kufikia hapa akasema: basi majina yote yawe wazi, na mambo yamekwisha. Hapana. Uwazi nao una wizi wake.

Ibn Taymiyya alizungumzia wafanyabiashara wa soko wanaokubaliana kutoshindana juu ya bidhaa, ili mwenye mali alazimike kuiuza chini ya thamani, kisha wao wagawane. Aliona kuwa jambo hilo linaweza kumdhuru mwenye mali kuliko hata kupokewa njiani kabla ya kufika sokoni. Najash humwibia mnunuzi. Njama hii humwibia muuzaji. Na njama hustawi watu wanapoonana, kwa sababu anayevunja makubaliano anajulikana na kuadhibiwa na wenzake.

Mfano wa zama zetu ni minada ya leseni za masafa ya redio huko Marekani. Katika mnada wa mwaka 1996 hadi 1997, baadhi ya makampuni yalitumia tarakimu za mwisho za bei kupelekeana ujumbe: bei iliyoishia kwa namba ya eneo fulani ilikuwa onyo kwa mpinzani aliachie eneo hilo. Wote waliona nani ametaja nini, hivyo hawakuhitaji hata kupigiana simu. Katika mnada mkubwa wa mwaka 2008 mamlaka ikaficha majina mpaka mnada ulipokwisha. Hapo siri ilikuwa ngao ya mali ya umma.

Dini yetu nayo haioni kila siri kuwa udanganyifu. Sadaka ya siri imesifiwa. Kumsitiri Mwislamu kumesifiwa. Mnunuzi ana haki ya kutotangaza uwezo wake mbele ya kila mtu, na dada anayenunua mtandaoni ana haki ya kutotaka wanaume asiowajua wapate jina na namba yake. Kwa hiyo jibu la swali letu la kwanza ni kwamba kuficha majina, peke yake, si kosa.

Je, kosa ni bei?

Basi pengine ubaya wa najash ni kwamba mnunuzi hulipa zaidi ya thamani. Hili nalo limeshajadiliwa na wanazuoni kwa undani unaopendeza.

Ibn al-Arabi, qadhi wa Kimaliki kutoka Andalusia, aliuliza: je, kitu kikiwa kinakaribia kuuzwa chini ya thamani yake, akaja mtu asiyetaka kununua akapandisha bei mpaka ifike thamani ya haki, huyo naye ana dhambi? Akaona hana dhambi, bali ana malipo, kwa kuwa amemnusuru muuzaji na hajamdhulumu mnunuzi. Baadhi ya wanazuoni wa Kishafii waliokuja baadaye walimfuata. Lakini Ibn Hajar, katika sherehe yake ya Sahih Bukhari, hakuridhika. Alisema kumnasihi muuzaji hakuhitaji kujifanya mnunuzi. Mtu anaweza kumwambia muuzaji waziwazi kwamba kitu chake kina thamani zaidi ya hiyo, kisha akamwachia uamuzi.

Mimi naona Ibn Hajar ametuonyesha mahali penyewe. Katika mfano wa Ibn al-Arabi bei ni ya haki kabisa, lakini bado kuna kitu kimepinda. Kitu gani? Ni ule usemi. Anayetaja bei mnadani anasema jambo juu ya nafsi yake: mimi nakitaka kitu hiki, na niko tayari kutoa kiasi hiki. Huo ni ushahidi, na wenzake wanautegemea. Sauda akiona watu wawili wengine wanaitaka laptopu ileile kwa 800,000, anajifunza kitu. Hawezi kuifungua akaona betri yake, lakini anajiambia kuwa watu wengine nao wameitazama na wanaona inafaa. Mnunuzi wa bandia anatoa ushahidi wa uongo kuhusu hamu ambayo haipo.

Hili ndilo jambo la tatu. Ubaya wa najash si siri, kwani siri inaweza kuwa ngao. Si bei, kwani bei inaweza kutua kwenye thamani ya haki. Ubaya wake ni ushahidi wa uongo uliowekwa mahali ambapo watu wameahidiwa ushahidi wa kweli. Qur'ani katika Surat an-Nisaa inaiweka biashara halali juu ya ridhaa ya pande mbili, na ridhaa iliyojengwa juu ya uongo ni ridhaa ya jambo jingine. Sauda aliridhia kumshinda mpinzani. Mpinzani hakuwepo.

Na wala hatuwezi kusema muuzaji alikosa njia nyingine ya kuilinda mali yake. Anaweza kutangaza mapema bei ya chini ambayo hatauza chini yake. Anaweza kukataa kuuza. Chukueni mfano wa mnada wa chai wa Mombasa, ambako chai ya Uganda pia huuzwa. Mwezi Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo wa Kenya walio chini ya KTDA. Wapo waliosifu hatua hiyo, na wapo waliolalamika kuwa chai ilibaki bila wanunuzi. Tunaweza kubishana kama ilikuwa busara ya kiuchumi. Lakini hakuna mnunuzi aliyedanganywa, kwa sababu muuzaji alisema kwa kinywa chake kwamba chini ya hapa siuzi. Vilevile wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hukutana na kuamua kukubali au kukataa bei zilizotolewa mnadani. Kukataa ni haki ya wazi. Kumtuma binamu si haki.

Jina na uhusiano

Kutokana na hayo napendekeza tutofautishe siri mbili ambazo mtandao huzifunga pamoja. Ya kwanza ni siri ya jina: mimi ni nani. Ya pili ni siri ya uhusiano: mimi na muuzaji tuna nini, na je, nitalipa nikishinda. Ya kwanza inaweza kufichwa kwa maslahi ya mwenyewe. Ya pili haifai kufichwa, kwa sababu ndiyo inayoufanya ushahidi uwe ushahidi. Mahakamani shahidi anaweza kulindwa asijulikane kwa watu wote, lakini qadhi lazima ajue kama ni mtoto wa mshtaki.

Kwa hiyo anayeendesha mnada wa siri amejitwika amana. Amewanyang'anya wanunuzi uwezo wa kuchunguzana, basi lazima achunguze yeye kwa niaba yao. Asipofanya hivyo, kisha akachukua kamisheni inayoongezeka kadiri bei inavyopanda, hawezi kujitetea kuwa yeye ni mwenye uwanja tu. Amefaidika na najash aliyoizimia taa.

Nukta hii inagusa pia hukumu ya mauzo. Jumhuri ya wanazuoni wanasema mauzo yenye najash yanasihi pamoja na dhambi. Wamaliki wanampa mnunuzi hiari ya kurudisha ikiwa muuzaji alijua. Wahanbali wanampa hiari akiwa amepunjwa kupita kawaida. Kauli iliyo sahihi zaidi kwa Washafii, ambao ndio wengi hapa Uganda, ni kwamba hana hiari, kwa sababu amezembea: alipaswa kuwauliza wajuzi kabla ya kununua. Mimi ni mwanafunzi, si mufti, na fatwa ina wenyewe. Lakini nauliza kwa adabu: hoja ya uzembe ilijengwa katika soko ambalo mnunuzi anawaona washindani wake, anakishika kitu, na mjuzi yuko duka la pili. Pale ambapo mfumo wenyewe umemzuia kuona na kuuliza, je, bado tunaweza kusema amezembea? Naona mazingira ya mtandaoni yanaipa nguvu kauli ya Wamaliki na Wahanbali, na ningependa kuwasikia masheikh wetu wakilijadili.

Karibu na nyumbani

Huenda msomaji anasema: mimi sinunui vitu eBay. Sawa. Tutazame yaliyo karibu.

Kwanza, makundi yetu ya WhatsApp. Mwanafunzi anamaliza mwaka wa mwisho, anauza simu au godoro. Mtu anamwandikia: nina laki tano. Anajibu: kuna mtu ameshanipa laki sita na nusu. Kama mtu huyo yupo na alisema hivyo, ni habari ya kweli. Kama hayupo, hii ndiyo ile sura ambayo Baraza la Fiqhi limeitaja wazi, hata kama mauzo yatakamilika kwa salamu na tabasamu. Tumeizoea mpaka tunaiita ujanja wa kuuza. Na kwa kuwa mazungumzo ni ya watu wawili tu, mnunuzi hana njia yoyote ya kuhakiki. Sema tu: laki tano hainitoshi, nataka laki sita na nusu. Huo ni msimamo wako, na hakuna anayeweza kukulaumu.

Pili, magari. Magari mengi yanayopita barabara za Kampala yametumika Japan kwanza, na mengi hupitia minada ya huko, ambako wafanyabiashara waliosajiliwa hushindana kwa kubonyeza kitufe. Mteja wa Kampala kwa kawaida hashiriki mwenyewe. Humtegemea wakala, na hatawaona wapinzani kamwe. Wakala akimwambia kuwa bei imepandishwa, aongeze dola 300, mteja ana neno lake tu. Katika fiqhi wakala ni mwaminiwa. Akitaja upinzani usiokuwepo, ameunganisha najash na khiyana. Baadhi yetu tutakuja kufanya kazi hii baada ya masomo, wengine wameshaianza. Anayetaka chumo safi ampelekee mteja matokeo ya mnada kama yalivyo, na achukue ujira uliotajwa mapema.

Tatu, na hili ndilo gumu, ni harambee zetu. Tunachangisha kwa ajili ya msikiti, ada za yatima au futari, na katikati ya hafla kitu kinapigwa mnada: keki, kuku, fremu yenye maandishi. Kila mtu anajua kuwa kuku hana thamani ya laki tatu. Hakuna anayedanganywa juu ya kuku. Lakini wakati mwingine huwa imepangwa kwamba ndugu fulani aanze na laki mbili ili kuwachangamsha watu, na imeelezwa pembeni kwamba yeye halipi. Tutasema ni kwa ajili ya Allah?

Tukumbuke yule Ansari na tandiko lake. Haja yake ilikuwa ya kweli na aliyeuza alikuwa Mtume (s.a.w.), lakini bei ilipanda kwa watu waliokuwa tayari kulipa tu. Katika harambee kinachoshuhudiwa si thamani ya kuku, ni utoaji: ndugu yangu ametoa laki mbili, nami nisibaki nyuma. Kushindana katika kheri ni jambo jema, lakini hapa mtu anashindana na mtu ambaye hakutoa kitu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah ni mwema na hakubali ila kilicho chema. Uongo hauwi mwema kwa kuwa umeletwa msikitini. Na dawa yake ni nyepesi: anayefungua mnada alipe alichokitaja, au msema chochote atangaze wazi kwamba tunaanzia laki mbili, nani yuko tayari? Fedha huenda zikapungua. Zitakazopatikana zitakuwa safi, na mwakani watu watatuamini.

Tunapaswa kufanya nini

Kwa muuzaji: taja bei yako ya chini waziwazi, na usimtaje mnunuzi asiyekuwepo. Kwa rafiki anayeombwa apandishe bei: kataa kwa upole, kwa sababu dhambi ya kwanza ni ya kwako wewe unayetaja, hata kama faida yote ni ya mwenzako. Kwa msimamizi wa kundi la mauziano: unaweza kuwaruhusu watu waniandikie wewe pembeni bila kutangaza majina yao, lakini wajue kuwa unawajua, na kwamba ndugu au mwenza wa muuzaji haruhusiwi kutaja bei bila kusema. Kwa mnunuzi: amua kiwango chako kabla mnada haujaanza, uliza bei ya kitu kama hicho mahali pengine, na usikiache kipimo chako mikononi mwa watu usiowaona. Na aliyekwisha kula mali ya mwenzake kwa njia hii ajue kuwa tawba ya haki za watu haikamiliki kwa istighfari peke yake. Kuna kurudisha ziada, au kuomba kusamehewa.

Mtandao umetupa uwezo wa kusema bila kuonekana uso. Muumini hakuwahi kuwa na siri hiyo mbele ya Mola wake, na malaika wawili wanaoandika hawahitaji jina la akaunti.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe chumo la halali, ndimi za kweli tunapouza na tunaponunua, na atujaalie tuwe miongoni mwa wafanyabiashara waaminifu. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.